Vitu Vipindikavyo na Kazi ya Kupiga Picha

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Maana yake, kila kitu kina namna yake na wakati wake wa kukunjwa, na asiyevijua hivyo huvunja badala ya kukunja. Neno hili hutumiwa sana katika malezi ya watoto, walakini lafaa vilevile katika kazi za mikono. Kijana mwenye kamera mara nyingi hana fedha za kununua dukani vyombo vidogo vya kumsaidia, basi hujitengenezea mwenyewe. Jambo hilo ni jema. Lakini wengi hukosa katika neno moja: huchagua kitu kwa sababu chapindika, wala hawaulizi chapindika namna gani.

Vitu vipindikavyo si vya namna moja. Kuna vile ambavyo vikipindwa hurudi vilivyokuwa, kama spoki ya baiskeli, ubapa wa mwanzi na mpira. Kuna na vile ambavyo vikipindwa hukaa vilivyowekwa, kama waya wa shaba nyekundu na waya wa alumini. Vya kwanza husahau upesi vilivyoambiwa. Vya pili hutii. Hapana kilicho bora kuliko mwenzake. Ubora wa kitu hujulikana kwa kazi kitakayofanya.

Mfano wake ni kijana atakaye kumpiga picha bibi yake, aliyeketi mlangoni. Upande mmoja wa uso wa bibi waangazwa na jua, na upande wa pili u gizani. Kijana ajua ya kuwa karatasi nyeupe ikiwekwa upande wa giza itarudisha nuru usoni, na mikunjo ya uso na macho yake yataonekana vizuri. Basi yataka mkono wa kuishika karatasi ile. Kijana achukua spoki, akidhani ya kuwa kigumu ndicho chenye nguvu. Aipinda kidogo, aiachilia, nayo yarudi ilivyokuwa; karatasi yaelekea mbinguni. Ajaribu tena na tena, hata jua lashuka na bibi achoka, ainuka kwenda zake. Watu watasema kamera yake ni mbovu, na kumbe kamera haina kosa. Kosa ni la waya. Waya wa shaba nyekundu ungalikaa palepale ulipowekwa, na picha ingalipatikana. Tena hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa bibi mzee hangoji, na siku iliyopita hairudi.

Yawezekana mtu akajibu ya kuwa shaba nayo hukatika. Ni kweli. Kila mara waya wa shaba upindwapo huzidi kuwa mgumu, na ukipindwa mara nyingi mahali pamoja hukatika. Lakini dawa yake ipo. Ukitiwa motoni hata uwe mwekundu, kisha ukaachwa upoe, hurudia ulaini wake. Katika jambo hili shaba humshinda samaki. Kazi hiyo na ifanywe mbele ya mtu mzima, kwa waya mtupu, kwa maana waya uliofunikwa kwa plastiki ukichomwa hutoa moshi wenye madhara. Tena usikunjwe kwa pembe kali, bali uzungushwe juu ya kijiti kinene; na nyuzi mbili au tatu zikisokotwa pamoja hushika vizuri kuliko moja. Hata hivyo mkono wa namna hii ni wa kushika karatasi tu. Kamera isitundikwe juu yake kamwe.

Kazi nyingine yataka kinyume cha hayo. Jua likiipiga lenzi kwa ubavu, picha hufifia kana kwamba imepigwa ndani ya ukungu. Kwa hiyo mpiga picha huizungushia lenzi kikingio mfano wa bomba fupi. Wengine hukata bati la debe, kwa kuwa hukaa linapopindwa. Lakini bati lang'aa, tena makali yake hukwaruza lenzi na kukata vidole. Hapo karatasi nene nyeusi isiyong'aa ni bora zaidi, ikizungushwa na kufungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kikigongwa hubonyea bila kuidhuru lenzi. Kisiwe kirefu mno, maana pembe za picha zitakuwa nyeusi.

Asiwepo mtu wa kudharau karatasi na vitu laini. Zamani wapiga picha wengi walichukua vioo vilivyopakwa dawa, vizito na vyepesi kuvunjika. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera iitwayo Kodak, ambayo picha zake zilipigwa juu ya utepe wa karatasi. Na mwaka 1889 ukafuata utepe wa seluloidi, upitishao nuru kama kioo lakini wapindika. Mwaka 1900 ikatolewa kamera iitwayo Brownie, iliyokuwa kisanduku cha karatasi ngumu, kwa bei ya dola 1, na watoto wengi wakaweza kupiga picha. Walakini seluloidi ile iliwaka moto upesi mno, na baadaye mahali pake pakashikwa na filamu isiyowaka kwa urahisi. Hata hapo kupindika peke yake hakukutosha.

Kwa hiyo yampasa kijana kuuliza maswali kabla ya kushika mkasi. Kitu hiki kitakiwe kurudi, au kitakiwe kukaa? Kikipindwa mara kumi, chapasuka? Kikianikwa juani mchana kutwa, chalegea au chakauka? Mkono utajibu kuliko maneno ya mwenye duka. Apimaye hivyo hatahitaji fedha nyingi, kwa maana vilivyo vingi vitapatikana nyumbani. Na asiyepima, hata akinunua vya ghali, karatasi yake itaelekea mbinguni siku ile bibi aketipo mlangoni.