Nyumba Moja, Mabwana Wengi

Mara nyingi twasikia watu wakigombania urithi: “Nyumba hii ni yangu, shamba hili ni langu!” Tutazame leo nyumba moja ya Uingereza, iitwayo Baddesley Clinton, katika jimbo la Warwickshire. Ni nyumba ya mawe, iliyozungukwa na handaki lenye maji.

Mwaka 1438 mwanasheria John Brome aliinunua pamoja na mashamba yake. Mwaka 1468 aliuawa huko London. Mwanawe Nicholas akalipiza kisasi, akamwua mwuaji. Tena husimuliwa kwamba siku moja alimkuta padre wa parokia akimshika mkewe kidevu, akamwua naye. Alisamehewa, lakini ilimpasa kufanya malipizi: akajenga mnara wa kanisa la kijiji. Alipokufa mwaka 1517 alizikwa, yasemekana, amesimama wima mlangoni pa kanisa, ili waingiao wote wamkanyage.

Urithi ukamwangukia binti yake Constance, na mumewe Edward Ferrers akawa bwana wa nyumba. Ukoo wa Ferrers ulikaa humo zaidi ya miaka 400. Serikali ilipoikataza dini Katoliki, wao waliishika. Faini zikapunguza mali yao. Nao kwa kukosa fedha za kujenga upya, nyumba ya kale ikasalimika.

Mwaka 1591 Henry Ferrers alikuwa ameipangisha kwa wanawake wawili ndugu, Anne Vaux na Eleanor Brooksby, waliowaficha mapadri. Asubuhi moja ya Oktoba wakaja wapekuzi. Padre Henry Garnet, mkubwa wa Wayesuiti nchini humo, akashuka na wenzake katika shimo chini ya nyumba, wakasimama miguu majini muda wa saa nne. Wapekuzi wakaondoka mikono mitupu.

Tangu mwaka 1980 nyumba ni ya National Trust, chama cha kutunza majumba ya kale, na wageni huitembelea.

Hati za mabwana hao zote zimepitwa na wakati. Wale wanawake wawili hawakumiliki hata jiwe moja. Walikuwa wapangaji tu. Lakini ndio walioitumia nyumba vema kuliko wengi wenye hati. Basi kabla hatujagombania nyumba ya marehemu, tujiulize kwanza: tukiipata, mlango wake tutamfungulia nani?