NAFASI YA GARI SI SADAKA



Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni mahali pa kuegesha motakaa katika bustani za starehe, yaani zile bustani kubwa zenye bembea, magurudumu ya kupanda na michezo ya kila namna, ambako watu hulipa langoni ili waingie na watoto wao. Twasema juu ya wageni wasioweza kutembea vizuri: mwenye kiti cha magurudumu, mwenye magongo, mzee aliyechoka magoti, na mama aliyebeba mtoto asiyeweza kusimama. Kwa watu hawa siku ya furaha huharibika pale gari linaposimama, kabla hata hawajaliona lango.

Wako watakaouliza: chama cha wafanya kazi kina haja gani na bustani za matajiri? Jawabu letu ni fupi. Wazee walisema hujafa hujaumbika. Aliye mzima leo kwenye mashine, juu ya jengo au barabarani, kesho aweza kupoteza mguu. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya majeraha ya kazini yampa malipo, lakini malipo hayamtengenezei njia ya kushuka garini. Tena, anayesimama juani akiongoza magari katika bustani hizo ni mfanya kazi mwenzetu, naye hulaumiwa na mgeni na tajiri pia.

Hebu tutazame Marekani, ambako bustani hizi ni biashara kubwa sana. Disneyland ilifunguliwa huko California tarehe 17 Julai 1955, na wageni wake wengi walifika kwa motakaa. Siku zile hapakuwa na sheria ya nchi nzima iliyomlazimisha mwenye bustani kumwekea nafasi mtu asiyeweza kutembea. Akiwekewa, ni kwa huruma. Asipowekewa, hana pa kushtaki.

Haki hiyo haikushuka kama mvua. Mwaka 1973 nchi ile ilipata sheria yenye kifungu cha 504, kilichokataza mahali panapopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Lakini miaka minne ilipita bila serikali kutoa kanuni za kuitekeleza. Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu wakaingia katika ofisi za serikali mijini, na kule San Francisco wakakaa ndani kwa zaidi ya wiki tatu. Wengine wao walisafiri mpaka Washington kudai haki yao, na hapo hapakuwa na basi la kubeba viti vya magurudumu. Ndipo chama cha mafundi wa mashine, International Association of Machinists, kikakodi lori la mizigo kikawabeba. Kanuni zikatiwa sahihi tarehe 28 Aprili mwaka ule ule. Twataka kila mwanachama akumbuke lori hilo. Wafanya kazi wale hawakuuliza jambo lile lawahusu nini.

Hata hivyo bustani ya starehe ni mali ya mtu binafsi, kwa hiyo haikuguswa kama haikupokea fedha za serikali kuu. Ilibidi kungoja miaka 13 mingine, hata tarehe 26 Julai 1990, Rais George H. W. Bush alipotia sahihi sheria iliyoingia pia katika mahoteli, majumba ya sinema na bustani za starehe.

Sasa, faida ya sheria ile ni kwamba haisemi maneno matamu tu, bali yahesabu na kupima. Kwa kanuni zake zilizotengenezwa upya mwaka 2010, penye nafasi 25 za magari au pungufu, 1 ni ya watu hawa. Penye 100 ni 4. Penye 1,000 ni 20, na kupita hapo ni 1 zaidi kwa kila 100. Basi uwanja wa magari 10,000 hauna budi kuwa na nafasi 110. Na katika kila 6 za namna hiyo, 1 iwe ya gari kubwa lenye ubao wa kushushia kiti cha magurudumu.

Nafasi ya motakaa iwe na upana wa futi 8, na kando yake ujia wa futi 5 usioegeshwa kitu. Ya gari kubwa iwe futi 11 pamoja na ujia huo. Ardhi isiinuke zaidi ya futi 1 kwa kila futi 48. Kibao kiwe juu, angalau futi 5 toka chini, kisifichwe na gari lililoegeshwa. Na nafasi hizi ziwe kwenye njia fupi kabisa ya kufikia lango ambalo kiti cha magurudumu chaweza kupita.

Kila kipimo kina maana yake. Bila ule ujia wa futi 5 mlango haufunguki wote, na kiti hakina pa kusimama. Mtu akiegesha juu ya ujia, mwenye kiti akirudi jioni hawezi kuingia katika gari lake mwenyewe. Na nafasi iliyopigwa rangi safi, kisha mbele yake pana kokoto, mtaro na ngazi tatu, ni rangi tu.

Mwanachama atasema: sisi hatuna motakaa. Ni kweli, wengi wetu hatuna. Lakini siku ya sikukuu majirani huchanga fedha, wakakodi matatu, wakampakia na bibi wa magongo. Yeye ahitaji mahali pa kushukia. Kanuni zile zalitaja hilo pia: penye mahali pa kushushia abiria, pawe na sehemu ya futi 8 kwa upana na futi 20 kwa urefu, na ujia wa futi 5 ubavuni. Hicho ndicho kipimo chatufaa zaidi sisi.

Twaja sasa kwa bawabu na mwongoza magari. Uwanja umejaa, jua ni kali, bwana mmoja wa gari kubwa ataka nafasi iliyo karibu na lango, asema ni dakika tano tu. Mwongoza magari akikubali, mwenye kiti cha magurudumu akija hana pa kushuka. Akikataa, bwana yule aenda ofisini, na kesho yake mfanya kazi apewa barua ya onyo. Tena si kila ulemavu huonekana kwa macho. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu aweza kuonekana mzima. Si haki kumwachia mwenzetu kazi ya kuwahukumu watu kwa kuwatazama. Tajiri ndiye apaswa kuandika kanuni, kuibandika langoni, na kusimama nyuma ya mtu wake.

Hapa Kenya sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote ipasavyo na kutumia vyombo vya usafiri vya umma. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyatengeneza tangu kifungu chake kianze kutumika, na mwaka 2025 sheria mpya ikachukua mahali pake. Tusijidanganye lakini. Kama Wamarekani walivyoona baada ya 1973, karatasi isiyo na mtu wa kuisukuma hulala kabatini.

Kwa hiyo twaomba matawi yetu yote mambo manne. Kwanza, wajumbe wa kazini wapime kwa kamba viwanja vya magari mahali wanapofanya kazi, wakaandike hesabu. Pili, katika mapatano yajayo na matajiri, nafasi hizi zitajwe kwa idadi na kwa futi, pamoja na mahali pa kushukia na njia isiyo na ngazi mpaka langoni. Tatu, mapatano yaseme wazi kwamba mfanya kazi hataadhibiwa kwa kuilinda nafasi hiyo, hata aliyekatazwa akiwa meneja mwenyewe. Nne, mwenzetu aliyeumia kazini asiachwe nje ya kamati itakayofanya kazi hii, maana yeye ajua mahali kiti kinapokwama.

Hatuombi sadaka. Sadaka hutolewa leo ikanyimwa kesho, apendavyo mtoaji. Twadai kipimo, nacho kipimo ni kile kile kwa meneja na kwa mfagiaji. Lori la mafundi wale lilikodiwa kwa siku chache tu, na kazi liliyoifanya yakumbukwa hata leo. Nasi tuanze na kamba ya kupimia.

Umoja ni Nguvu.