Mjapani Hakukufichia Farasi

Pistoni ninayo mezani. Naikandamizia karatasi zisipeperushwe na feni. Ilitoka silinda ya nne ya Subaru Forester yangu, na ukiitazama kwa juu utadhani nzima. Igeuze ubavu: kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Plagi iliyotoka tundu hilohilo ina vichembe vinavyometameta kwenye kauri yake, kama imenyunyiziwa chumvi. Ile ni alumini, pistoni yenyewe ikiyeyuka kidogo kidogo, wiki tatu baada ya kijana mmoja mwenye laptopu kuniambia: "Bro, hii gari imefungwa. Wajapani wanazifunga. Ngoja nikufungulie."

Nikamlipa anifungulie.

Maneno hayo yamekuwa dini mjini. Utayasikia gereji, utayasikia kwa waosha magari, utayasoma kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye Subaru na Crown: kiwanda kimeficha nguvu ndani ya kontroo boksi, na rimapu, yaani kuiandika upya programu ya boksi hilo, ni ufunguo tu. Unaongezewa farasi, unapunguziwa mafuta, injini haiguswi. Ni uongo. Na wengi wanaouuza wanauamini kabisa, jambo linalonitisha kuliko kama wangekuwa matapeli, maana tapeli angalau gari lake mwenyewe haligusi.

Tuwe wa haki, wazo hili halikudondoka kutoka mbinguni. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280 kwa soko la kwao, na magari yao yalikuwa pia na kikomo cha kilomita 180 kwa saa. Nissan Skyline GT-R ilipopimwa ilitoa zaidi ya hizo 280 zilizoandikwa. Hapo ndipo "Wajapani wanafunga" ilipoota mizizi. Ila nguvu ile ilikuwapo barabarani tangu siku ya kwanza. Kilichopunguzwa ni namba kwenye karatasi. Halafu, samahani, hiyo Toyota IST yako si GT-R.

Injini ya IST, 1NZ ya lita moja na nusu, ina farasi 109 na haina turbo. Inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na kompyuta haiwezi kuivutia zaidi. Fundi anaweza kusogeza kidogo cheche na kiasi cha petroli, upate farasi wawili watatu, ambao ukiwasha AC tu wameshaliwa. Mbona basi mwenye gari anatoka pale akiapa limekuwa chui? Kwa sababu imechezewa pedali. Ukikanyaga robo, kompyuta inafungua nusu. Ukikanyaga mpaka chini ni IST ileile ya jana. Umenunua mguu mzito kwa laki kadhaa.

Kwenye turbo hali ni nyingine. Huko rimapu inaongeza nguvu kweli, sibishi, na huko ndiko inakoua. Ndani ya kontroo boksi mna majedwali: kwa mzunguko fulani na mzigo fulani, cheche itoke nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu, petroli iingie kiasi gani, turbo isukume hewa hadi wapi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde moja. Cheche ikiwahi mno, mchanganyiko ambao moto haujaufikia unajilipukia wenyewe, injini inagonga, na pistoni inapigwa nyundo mara hamsini kabla hujamaliza kusema "eh". Mhandisi analijua hilo, ndiyo maana akijaza majedwali yake hafiki ukingoni. Nafasi anayoiacha ndiyo hiyo mnayoiita nguvu iliyofichwa.

Anamwachia nani? Mimi na wewe. Forester yangu iliandikiwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye okteni karibu 100. Hapa kwetu, hata pampu iwe safi vipi, hiyo siipati. Na usafi wenyewe tunaujua: mafuta yalianza kuwekewa vinasaba mwaka 2010 kwa sababu kulikuwa na watu wanaochanganya mafuta ya taa na kutuuzia. Ongeza joto. Intakula ya Forester, kile kipoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini, kwa hiyo kwenye foleni ya Mbagala saa nane mchana inapikwa kama sufuria. Akiba aliyoniachia mhandisi nilikuwa naila kila siku bila kujua. Kijana wa laptopu akaja akamaliza iliyobaki: akawahisha cheche, akaongeza msukumo wa turbo, na akapunguza ile petroli ya ziada inayoingia wakati turbo inasukuma, ati gari linakula mafuta bure. Petroli ile ndiyo iliyokuwa ikipooza chumba cha moto.

Wenye dizeli watasema hayo ni ya Subaru. Haya, twende kwenye Hilux. Mwaka 2020 Toyota waliipandisha injini yao ya lita 2.8 kutoka farasi 177 hadi 204. Farasi 27. Kama zingekuwa zimefungwa kwenye kompyuta, wangebonyeza kitufe wakaenda kula. Badala yake walibadilisha turbo wakaweka kubwa zaidi, wakabadilisha mfumo wa kupuliza dizeli, wakaimarisha bloku, wakagusa mpaka pistoni na ringi. Waliounda injini ile wenyewe hawakuthubutu kuipa mzigo huo ikiwa na vyuma vya zamani. Mjini kuna mtu anakupa zaidi ya hizo kwa dakika arobaini, umekaa kwenye benchi unakunywa soda, kesho upakie mahindi upande nayo mlima wa Kitonga.

Na mara nyingi si yeye mwenyewe anayeandika programu. Anasoma faili la gari lako kwa kebo, analituma kwa mtu Ulaya ambaye hajui una mafuta gani wala joto gani, linarudi limebadilishwa, analipandisha. Betri ikilegea katikati ya kazi hiyo, kontroo boksi inaweza kufa papo hapo.

Wapo wanaoijua kazi. Hao watakuuliza unajaza mafuta wapi, wataliendesha gari kwenye mashine ya kupimia nguvu huku wakifuatilia injini inavyogonga, na si ajabu wakakwambia ubadilishe kwanza pampu ya mafuta au urudi nyumbani. Hawana wateja wengi.

Mimi nilinunua injini ya mtumba Gerezani. Fundi mzee aliyeifunga hakutaka hata kuiwasha. "Injini mpya hii, lakini kompyuta ni ileile iliyoua ya kwanza," akasema. "Programu ya kiwandani alikuhifadhia?"

Nikampigia yule kijana.

"Ile laptopu niliiuza, bro."