Swali Lililokwisha Kujibiwa

Katika msikiti mmoja wa mjini Musoma, baada ya swala ya Ijumaa, waumini waligawiwa karatasi wakaombwa watoe maoni. Swali lilikuwa moja: kiwanja cha wakfu kilicho nyuma ya madrasa kiuzwe kwa ajili ya nini? Majibu yaliyoorodheshwa yalikuwa matatu: (a) kumalizia ujenzi wa msikiti, (b) kuwasaidia mayatima, (c) kununua gari la kubebea maiti. Mjibuji aweke alama ya vema kwenye jibu moja, aandike jina lake na namba ya simu, kisha amkabidhi mjumbe wa kamati aliyesimama mlangoni.

Tuliipokea karatasi hiyo, tukaisoma mara mbili, tukitafuta jibu la nne. Halikuwepo. Muumini anayeona kuwa kiwanja kisiuzwe kabisa hakuachiwa hata upana wa kidole. Akiweka alama popote, amekwisha kuuza. Akiirudisha tupu, atahesabiwa miongoni mwa wasio na maoni. Na wiki ijayo tutatangaziwa kwamba waumini wote wameafiki kuuza, ila wamehitilafiana katika matumizi tu!

Ndugu Waislamu, hatuituhumu kamati kuwa ina nia mbaya. Huenda aliyeandika swali alikuwa na haraka, au kwake suala la kuuza lilikuwa limekwisha. Lakini ndilo suala lenyewe. Wanazuoni wana maneno marefu juu ya kuuza au kubadilisha mali ya wakfu, na wengi katika madhehebu yetu ya Shafi wamelifunga mno mlango huo. Jambo zito kiasi hicho limepitishwa kimyakimya ndani ya neno moja, “kiuzwe”, kabla muumini hajaishika kalamu.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijiria, katika utangulizi wa al-Majmuu anamuusia mufti aizingatie karatasi ya swali neno kwa neno, na mwisho wake zaidi, kwani kiini cha swali huwa mwishoni. Anamuusia pia kwamba akiona nafasi tupu katika karatasi aipigie mstari, asije mtu akaijaza baada ya fatwa kuandikwa. Kwa nini tahadhari yote hiyo? Kwa sababu jibu sahihi juu ya swali lililopindishwa humtumikia aliyelipindisha.

Wala si jambo la misikitini tu. Taifa letu limelipitia, na sisi wa Mara tuna sababu ya kulikumbuka. Mwalimu Nyerere wa Butiama alipofungua mjadala wa vyama mwaka 1990, Rais Mwinyi aliunda Tume mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Wananchi wapatao asilimia 77 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Mwenye kutazama hesabu peke yake angefunga daftari. Lakini wengi katika hao hao walitaka mabadiliko makubwa ndani ya mfumo huo, na mambo hayo hayaonekani katika “kimoja au vingi”. Tume ilisikiliza maneno pamoja na kuhesabu vichwa, ikapendekeza vyama vingi, navyo vikaanza kisheria Julai 1, 1992.

Mwaka 1998 ilikuwa kinyume. Serikali ilitoa Waraka Namba 1 wa mwaka huo kuhusu Katiba, ambao uliorodhesha hoja na kueleza pamoja na hoja hizo msimamo wa Serikali yenyewe. Kamati ya Jaji Robert Kisanga ikazunguka nchini kukusanya maoni. Kuhusu Muungano, msimamo uliochapwa ulikuwa serikali mbili, na zaidi ya asilimia 80 wakajibu serikali mbili. Kamati yenyewe ilipopendekeza tatu, Rais Mkapa aliikosoa hadharani.

Ikaja Tume ya mwaka 2012 chini ya Jaji Joseph Warioba, mtu wa Bunda. Safari hii wananchi walisema walitakalo kwa maneno yao. Katika waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 ya wa Bara walitaka serikali tatu, na asilimia 60 ya wa Zanzibar walitaka Muungano wa mkataba, jibu ambalo halimo katika hesabu ya moja, mbili au tatu. Tunakiri kwamba miaka 14 hubadilisha fikra za watu, na waliogusia jambo hilo si wote waliotoa maoni. Hata hivyo, jibu la mkataba lingeandikwa wapi kama karatasi ingekuwa na visanduku vitatu tu?

Turejee kwenye karatasi yetu. Kina mama waliokuwa nyuma ya pazia hawakuipata. Wavuvi wa dagaa, ambao usiku wa giza wako ziwani na mchana hulala, hawakuipata. Na mwenye deni kwa mjumbe wa kamati, akiandika jina lake, atathubutu kumpinga? Hali ni hiyo hiyo katika kura zinazopigwa siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp, ambamo kila mmoja humwona mwenzake alivyochagua.

Tunaiomba kamati, kwa heshima zote, isizihesabu karatasi zile. Iandike nyingine isiyo na jina, na swali la kwanza liwe: kiwanja kiuzwe au kisiuzwe? Chini yake iachwe mistari mitupu ya mtu kueleza sababu zake. Isomwe kwa sauti upande wa kina mama, kwa ajili ya wasiojua kusoma, na ipelekwe mwaloni wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Na hati ya wakfu, kama ipo, ibandikwe ukutani siku hiyo hiyo, ili kila mmoja asome alichokitaka aliyekitoa kiwanja.