Safari ya Nyikani Ianzie kwa Daktari

Australia leo ni makao ya familia nyingi zizungumzazo Kiswahili, zikiwemo zilizotoka Kongo na Burundi. Ikifika likizo, baadhi hutamani kufunga mahema garini na kuzuru hifadhi za taifa zilizo mbali na miji. Bibi mwenye kisukari akimwuliza daktari kuhusu safari hiyo, ni rahisi kumjibu, "Usiende." Kwa maoni yangu jibu hilo halimlindi. Aliyekatazwa bila kuelezwa huweza kuondoka kimyakimya, dawa zake zikiwa zimetupwa tu ndani ya mkoba.

Wasimamizi wa hifadhi hawalifanyii joto mzaha. Hifadhi ya Munga-Thirri, katika Jangwa la Simpson, hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Sisi wa kliniki nasi tulipe joto uzito huohuo. Insulini huharibika kwa joto kali na kwa kuganda. Isiachwe ndani ya gari lililofungwa, wala isilazwe juu ya barafu. Baadhi ya vidonge vya presha huongeza mkojo, na jangwani upungufu wa maji huja upesi. Mtoto mwenye pumu abebe dawa ya kuvuta ya akiba, kwa kuwa vumbi la njia ni jingi. Hayo yote ni mazungumzo ya dakika kumi.

Huenda msomaji akasema: si kuna madaktari warukao? Ni kweli. Huduma ya Royal Flying Doctor Service ilianza Cloncurry, Queensland, mwaka 1928, nayo imeokoa wengi. Lakini ndege huhitaji taarifa, muda na mahali pa kutua, na simu ya kawaida haishiki mtandao kila mahali. Saa za kwanza ni za familia yenyewe. Kwa hiyo wawe na simu ya setilaiti, maji ya akiba, na ndugu mjini anayejua siku yao ya kurejea. Gari likiharibika, wasiliache; kutoka angani gari huonekana upesi kuliko mtu.

Huduma ya kwanza nayo ifundishwe kulingana na mahali. Kwa nyoka wa Australia, mguu ulioumwa hufungwa bandeji ya kukaza kuanzia vidoleni hadi juu, kisha mgonjwa asitembezwe. Kwa kifutu wa Afrika, ambaye sumu yake huoza nyama, ufungaji huo huweza kuzidisha madhara. Mgeni aliyejifunza nyumbani aelezwe tofauti hiyo kabla ya kuondoka.

Mgonjwa, itaje safari yako mapema, walau mwezi mmoja kabla. Mhudumu wa afya, usisubiri kuambiwa: uliza mgonjwa wako anakwenda wapi likizo hii, na dawa zake zitalala wapi.