SIKIO HALIZOEI KELELE, SIKIO HUFA

Ndugu Wafanyakazi,

Liko neno moja linalotembea karakanani na mitaani kwetu, kutoka Makongeni na Kaloleni mpaka Jericho na Umoja. Neno lenyewe ni hili: "Utazoea." Kijana mgeni akiingia kazini akaziba masikio kwa vidole, wenzake humcheka na kumwambia atazoea. Mnyapara naye husema vivyo hivyo. Mimi nasema neno hili ni uongo, na waajiri hulipenda kwa sababu haliwagharimu hata senti moja.

Sikio halizoei. Ndani yake mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huviua, na vikisha kufa haviоti tena. Anayesema amekwisha kuzoea nyundo na grinda, huyo amekwisha kuanza kuwa kiziwi. Kwanza hupotea sauti nyembamba: filimbi, ndege, maneno ya watoto. Halafu huja mlio masikioni usiomwacha mtu alale. Dawa ya kurudisha sikio hilo hakuna.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1886, katika mji wa Glasgow, daktari Thomas Barr aliwapima mafundi 100 wa boila. Hakumpata hata mmoja mwenye masikio mazima. Wengi wao hawakuweza kusikia vizuri mtu akihutubia mkutanoni. Fikirini hilo, ndugu zangu. Mwanachama asiyesikia mkutanoni atajuaje viongozi wake wamepatana nini na mwajiri?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazi wasema desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo posho ya sikio kwa siku nzima. Kila ikiongezeka 3, muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15 tu. Kanuni za Kelele za Kenya za mwaka 2005 zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8, na kelele ikipita 85 mwajiri lazima awe na mpango wa kuyalinda masikio ya watu wake. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza kumtoza mfanyakazi bei ya kinga hiyo. Basi tusiombe vizibo kama sadaka. Ni haki yetu.

Lakini kupewa ni jambo moja, na kupewa kinachofaa ni jambo lingine. Mahali pamoja nilipofanya kazi tuliletewa sanduku la vizibo vya saizi moja. Wenye masikio madogo viliwauma, wenye masikio makubwa viliwadondoka. Tulipolalamika tulijibiwa: "Vimeletwa. Tieni sahihi hapa." Karatasi ikajaa sahihi, masikio yakabaki wazi. Kwa hiyo kila mmoja wetu ajue kuchagua:

1. Pamba si kizibo, wala karatasi. Kelele hupenya humo kama maji katika wavu.

2. Kizibo cha sponji huzuia sana kikiingia vizuri. Nawa mikono kwanza. Kisokote mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishike mpaka kivimbe. Kisha funika masikio kwa viganja. Ukiona kelele imepungua sana, kizibo hakikukaa, anza tena. Kikichafuka, kitupe. Usimwazime mwenzako.

3. Kizibo cha mpira chafaa kwa anayevaa na kuvua mara kwa mara. Huoshwa kwa sabuni. Lazima kiwe cha saizi yako.

4. Vifuniko vya kichwani ni vyepesi kuvaa, ila miwani huacha upenyo wa kelele.

5. Usitafute tu namba kubwa kwenye pakiti. Anayepanga mabehewa yadi lazima asikie honi na filimbi. Akiziba kupita kiasi, ataokoa sikio apoteze mguu. Kinga ipimwe kwa kazi.

6. Usivue kelele ikiendelea. Kizibo cha kupunguza desibeli 30, ukikivua dakika 48 tu katika saa 8, faida yake hushuka mpaka kama 10.

Sasa nasema na vijana. Sikio tunalotoka nalo karakanani jioni ndilo hilo hilo tunalopanda nalo matatu yenye spika chini ya kiti, na ndilo tunalokwenda nalo dansini Jumamosi. Halina zamu wala likizo. Aliyemaliza posho yake kazini hana akiba ya kwenda kuitumia mbele ya spika.

Sisemi watu wasicheze. Mfanyakazi ana haki ya kufurahi. Nasema avae kizibo. Wengi wasema sponji huharibu muziki, na ni kweli, kwa kuwa hupunguza zaidi sauti nyembamba, gitaa likafifia likabaki besi. Viko vizibo vya wanamuziki vyenye kichujio, hupunguza sauti zote karibu sawa, muziki ukabaki muziki. Asiye navyo avae sponji, akae mbali na spika, atoke nje mara kwa mara apumzishe masikio. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kumbi zisipite wastani wa desibeli 100, ziwe na vizibo kwa wateja na mahali patulivu. Mwenye ukumbi anayetoza kiingilio hana udhuru.

Matakwa yetu ni haya. Kwanza, mashine zenyewe zipunguzwe kelele, maana kizibo ni ngao ya mwisho. Pili, vizibo viletwe vya aina na saizi mbalimbali, bure, na mafunzo ya kuvivaa. Tatu, masikio yapimwe na kila mtu apewe majibu yake. Wasimamizi wetu wa chama waulize mambo haya katika kila karakana, na majibu yaletwe mkutanoni.

Sikio la kufa halisikii dawa. Yetu bado hayajafa. Tuyalinde tungali twasikia.

Wenu katika kazi,
Mwanachama, Karakana ya Reli