Mpunga Ustahimili, na Mlaji Je?

Katika mabonde ya mpunga ya Pemba, maji ya bahari yanapoingia shambani, ncha za majani hukauka, na masuke yakitoka hujaa mapepe. Mkulima wa huko akidai mbegu inayostahimili chumvi, anadai haki yake. Sayansi imeshapiga hatua. Mwaka 2005 watafiti walibainisha jeni iitwayo SKC1 katika Nona Bokra, mpunga wa kienyeji wa India. Protini yake huchota sodiamu kutoka kwenye mishipa inayopandisha maji, isifike majanini. Mwaka 2012, Australia, jeni ya jamii hiyo ilihamishwa kutoka ngano ya kale hadi ngano ya pasta kwa uzalishaji wa kawaida, na kwenye udongo wa chumvi mavuno yakaongezeka hadi asilimia 25.

Watafiti wengi hujadili chumvi na metali nzito pamoja, kwa kuwa zote huudhi mmea kupitia mizizi. Lakini naomba msomaji asizipime kwa kipimo kimoja. Chumvi ikiuzidi mpunga, jani husema. Kadimiamu, mojawapo ya metali hizo, hainyauishi jani upesi hivyo: mpunga waweza kuzaa vizuri huku punje zake zina kiasi cha kumdhuru mlaji. Kwa hiyo mbegu iliyochaguliwa kwa sababu tu ilibaki kijani penye metali yaweza kuwa imepitisha sumu hadi sahanini.

Hayo si ya kubuni. Kando ya mto Jinzu, Japani, maji yenye kadimiamu ya mgodini yalinywesha mashamba ya mpunga kwa miaka mingi. Walioula wali huo, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, waliharibika figo, na mifupa ikawa laini hadi kuvunjika kwa misukosuko midogo. Serikali ilitambua rasmi chanzo hicho mwaka 1968.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na jeni zinazoamua metali iende wapi. OsHMA3 huifungia kadimiamu ndani ya seli za mizizi. OsNRAMP5 ni mlango ambao mpunga hupitishia manganisi, na kadimiamu hujipenyeza humo humo. Wajapani waliuharibu mlango huo katika mpunga wa Koshihikari, wakapata punje zisizo na kadimiamu ila chembe tu. Gharama yake ni kwamba penye upungufu wa manganisi mmea huo huweza kudhoofika, na hilo mkulima aambiwe kabla hajapanda.

Geita na Migori, wachimbaji wadogo bado hukamatia dhahabu kwa zebaki, nayo ni metali nzito, na watu hulima jirani na machimbo. Mbegu yoyote itakayopelekwa maeneo kama hayo kwa jina la ustahimilivu itoke na vipimo vya metali vya sehemu inayoliwa, vilivyochukuliwa kwenye udongo wa huko huko, na vichapishwe pamoja na takwimu za mavuno.